Hukumu ya Ng'ambo: Siti binti Saad na kesi ya Kijiti

Mwanamke mja mzito alivuka bahari kutoka Dar es Salaam kuja Unguja kutembea. Akatoka na wenyeji wake kwenda ngomani, na huko akakutana na mwanamume anayeitwa Kijiti. Kinywaji kikapita. Kijiti akamwambia ondoka twende, wakaingia maguguni, na aliyerudi kutoka maguguni ni maiti. Muuaji akavuka zake bara. Wanawake waliokuwa na marehemu wakasimama mbele ya jaji kueleza waliyoyaona, na jaji akawatukana, kisha wakafungwa wao.

Jalada la kesi hiyo sidhani kama wasomaji kumi wa makala haya wamewahi kulishika. Wimbo wake wameusikia maelfu, kwa sauti ya Siti binti Saad katika santuri za zamani, au, kwa wengi wetu, kwa sauti ya Bi Kidude, aliyeuimba hadi uzeeni. Karibu miaka mia imepita tangu tukio lenyewe, na jina la Kijiti bado linanuka.

Ninaanza na wimbo huu kwa sababu ndio unaoonyesha Siti alikuwa akifanya kazi gani hasa. Ukisikiliza hotuba zinazosomwa jina lake linapotajwa, utaambiwa habari za mama wa taarabu, binti wa shamba aliyeuza vyungu akapanda hadi kuimba ikulu kwa Sultani, mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki kurekodi santuri. Yote ni kweli. Lakini ni sifa ambazo zinaweza kutolewa mbele ya waziri yeyote, hakimu yeyote na mkuu wa polisi yeyote, na kila mmoja akapiga makofi bila kujikuna. Mwimbaji aliyemtaja muuaji kwa jina na kumsimanga jaji akiwa bado kitini amefanywa pambo la sebuleni.

Turudi kwenye wimbo, maana umeundwa kwa akili sana. Unafungua kwa kuita watu: "Tazameni, tazameni, alivyofanya Kijiti." Msikilizaji ameshafanywa shahidi kabla hajajua shauri lenyewe. Kisha sauti inageuka. Anayesema sasa ni marehemu mwenyewe, akieleza alivyoitwa, alivyokubali, na kwamba laiti angejua angekataa. Anamwambia muuaji kwamba anamuua kwa pegi moja ya tende, yaani pombe. Hakuna mahakama duniani inayompa maiti nafasi ya kutoa ushahidi. Wimbo unampa, tena kwa nafsi ya kwanza. Halafu anaingia jaji, amekaa kitini, amekasirika, na neno analolitoa ni "bladi fuul", likiwaendea mashahidi. Tusi la Kiingereza limepachikwa katikati ya ubeti wa Kiswahili uliotimia vina, na kila aliyewahi kupanga foleni mbele ya afisa wa kikoloni alijua sauti hiyo imetoka wapi. Wimbo hauhitaji kusema kwamba mahakama ilikuwa ya wageni. Unaiachia mahakama ijiseme.

Sauti tatu, basi: mtaa, marehemu, jaji. Wa nne, Kijiti, hana mstari hata mmoja wa kujitetea. Anapewa laana tu, na onyo kwamba huko aendako kuna watu wanaomsubiri. Tukisema kwa lugha ya sheria, Kijiti alihukumiwa bila kuwepo. Sipendi hukumu za namna hiyo, na mwanasheria yeyote atakayenikumbusha kwamba mtaa nao hukosea atakuwa amesema haki. Ila hapa mtaa haukuinyang'anya mahakama kesi. Mahakama yenyewe ndiyo iliyoitupa, ikabaki na mashahidi ikawafunga, na mtaa ukaiokota.

Kwa nini mwimbaji wa Ng'ambo, mtaa wa maskini ulio upande wa pili wa mkondo kutoka mji wa mawe wa Unguja, awe na jicho kali namna hiyo juu ya mahakama? Jibu liko katika maisha yake kabla hajawa mwimbaji. Alizaliwa Fumba, kusini-magharibi mwa Unguja, karibu mwaka 1880, na jina alilopewa lilikuwa Mtumwa. Hali ya wazee wake ndiyo iliyompa. Baba alilima, mama alifinyanga vyungu, na binti alipokua alivichukua vyungu kwa miguu hadi mjini, akivinadi kwa sauti iliyotangulia kufika kabla yake. Siti ni jina alilopata baadaye, ukubwani.

Aprili 1897, akiwa msichana wa miaka kumi na saba hivi, ikatoka amri ya Sultani Hamoud bin Mohammed, kwa shinikizo la Waingereza, ya kufuta hadhi ya utumwa katika visiwa. Vitabu vya shule hupita hapo kwa sentensi moja. Lakini amri ile haikumwachia mtu yeyote huru alfajiri ya kesho yake. Aliyetaka uhuru wake alipaswa kwenda mahakamani kuudai, na akifika huko aeleze atakaa wapi na atajilisha kwa kazi gani, asije akahesabiwa mzururaji. Fidia ilikuwepo, na ililipwa kwa bwana. Masuria wakaachwa nje ya amri hiyo hadi 1909. Kwa hiyo kizazi kizima cha watu wa asili ya Siti kiliijua mahakama kama mlango ambao mtu maskini anaingia kuthibitisha kwamba yeye ni mtu. Anayetoka katika kizazi hicho akiimba juu ya jaji anayewaita mashahidi wajinga, anaimba habari anayoijua toka utotoni.

Alihamia mjini karibu 1911, mwaka uleule Sayyid Khalifa bin Harub alipokalia kiti. Taarabu ya wakati huo ilikuwa mali ya wakubwa. Sultani Barghash ndiye aliyempeleka Mohamed Ibrahim Cairo kujifunza ganuni, ala ya nyuzi, ili ikulu isikose burudani, na mwaka 1905 mabwana wa mjini wakaunda chama chao, Ikhwani Safaa, wanaume watupu, wakiimba Kiarabu. Siti alijifunza kwa wajuzi wa duru hiyo. Angeweza kubaki akiwaiga na maisha yangemwendea vizuri tu. Alichofanya ni kuuchukua muziki ule, udi na fidla na yote, akavuka nao upande wa pili wa mkondo hadi Ng'ambo, kwenye nyumba za udongo na makuti, na kuuimbisha Kiswahili.

Nyumba yake ndiko ilikokuwa karakana. Kundi lake, akina Subeit bin Ambar, Maalim Shaaban, Buda bin Swedi na Mbaruk Talsam aliyetoka Mombasa, lilikutana hapo jioni, na kama inavyokuwa kwenye baraza yoyote, kwanza yalizungumzwa ya mchana. Nani kafungwa. Nani kaachwa. Karani gani kala fedha za nani. Humo humo mistari ikaanza kujipanga. Ndiyo maana inakuwa vigumu kumpa mtu mmoja tu utunzi wa nyimbo zile. Tumezoea siku hizi kutafuta mwenye hatimiliki, na tukimkuta Siti tunamkabidhi zote. Nadhani yeye mwenyewe angecheka. Kesi ililetwa na jirani, vina vikatafutwa na watatu wanne, naye akatoa sauti na ujasiri. Jina lililokuwa hatarini lilikuwa lake, kwa sababu sauti ilikuwa yake.

Na walimshambulia kweli. Wapinzani walimtungia beti ambazo hadi leo wazee wa Unguja wanazo mdomoni: Siti amekuwa mtu lini, kaja mjini na kaniki chini, kama si sauti angekula nini. Kaniki lilikuwa vazi la watumwa, na aliyetaja kaniki hakuwa anazungumzia mitindo. Alikuwa anamkumbusha mahali alipotoka, miaka zaidi ya kumi baada ya utumwa kufutwa kisheria. Jibu lake likaja kwa wimbo: uzuri wa sura si hoja, wala utukufu wa ukoo, hasara ya mtu ni kukosa akili. Watu hulinukuu jibu hilo kama wosia wa hekima. Mimi nalisikia kama kofi, maana mjini kwao heshima ilihesabiwa kwa ukoo, na yeye ameufuta ukoo katika hesabu kwa mstari mmoja.

Mwaka 1928 Siti na kundi lake walisafiri hadi Bombay kurekodi kwa kampuni ya His Master's Voice. Sahani zikauzwa pwani yote na bara, kampuni nyingine zikaona kuna biashara, na taarabu ya Kiswahili ikapata miguu ambayo ikulu haikuwahi kuipa. Mwaka huohuo wakazi wa Ng'ambo waligoma kulipa kodi ya viwanja. Walikuwa wamejenga nyumba zao wenyewe, lakini ardhi chini yake ilidaiwa na wenye nacho, na kodi ilipokuwa ikipanda wakasema basi. Wanawake walikuwa mstari wa mbele. Mashauri yakafika, wapi tena, mahakamani.

Sidai kwamba Siti aliongoza mgomo. Ninachosema ni kwamba mgomo na nyimbo vilitoka katika vichochoro vilevile, kwa watu walewale, mwaka mmoja. Mtaa uliokuwa umezoea kukaa usiku kusikiliza jaji akisimangwa kwa vina haukuhitaji kufundishwa kwamba hukumu ya serikali inaweza kuwa na kasoro. Na santuri ilipotoka Bombay ikafika Mombasa, Tanga, Dar es Salaam, ilifanya jambo ambalo hakuna gazeti la wakati ule lingelifanya. Ilimfikia asiyejua kusoma, yaani karibu kila mtu. Kijiti alikimbilia bara. Sauti ikamfuata bara kwa kibao cha gramafoni.

Hapa lazima nisimame kidogo, kwa sababu wapo wanaotaka kumfanya Siti mwanamapinduzi kabla ya mapinduzi, na hilo nalo ni kumvisha nguo isiyomkaa. Aliimba ikulu, akapokea tunzo za wakubwa. Nyimbo zake nyingi ni za mapenzi, na ni nzuri, hazihitaji kuombewa radhi kwa kutokuwa na siasa. Hata katika wimbo wa Kijiti pana mahali marehemu anajilaumu kwa kutoka nyumbani bila ruhusa, na msikilizaji wa leo anaweza kukereka: yaani aliyeuawa ndiye wa kujutia?

Nimelifikiria sana hilo. Nadhani mistari hiyo iliufungulia wimbo mlango kwenye nyumba za watu wenye msimamo mkali. Baba aliyekuwa tayari kusema "mwanamke gani huyo wa kwenda ngomani usiku" anasikia lawama yake imeshasemwa, anatulia, anakaa. Akishakaa, wimbo unampeleka hadi kwa jaji na kumwonyesha mashahidi wanaingia jela huku muuaji yuko huru. Amekwisha kuingia, hawezi kutoka. Inawezekana pia kwamba waliotunga waliamini kweli kuwa mwanamke hapaswi kutoka bila ruhusa. Walikuwa watu wa zama zao. Vyovyote iwavyo, lawama kwa marehemu ni sentensi moja, na laana kwa Kijiti haina mwisho.

Kuhusu ikulu, ningependa wanaomlaumu wafikirie jambo moja. Binti wa watumwa, mwanamke, mkazi wa Ng'ambo, anamtukana jaji wa Kizungu hadharani na hakuna anayemgusa. Kwa nini? Sehemu ya jibu, kwa maoni yangu, ni kwamba watawala wa Kiingereza hawakuona wimbo wa wanawake kama siasa. Walitazamia siasa ije kwa barua ya lalamiko, na sahihi chini. Sehemu nyingine ni kwamba mtu anayeitwa kumwimbia Sultani huwezi kumwita kituoni kirahisi. Alikula ikulu, na ikulu ikawa ngao yake akirudi Ng'ambo. Wapo waliokula ikulu wakanyamaza, na tunawajua kwa majina, wa zamani na wa sasa.

Siti alifariki Julai 8, 1950. Shaaban Robert alikuwa amewahi kuonana naye, akaandika wasifu wake, kitabu ambacho kilisomwa na wanafunzi wengi. Tuna deni kwa Shaaban: bila yeye tungekuwa na sauti isiyo na mwenyewe. Lakini Shaaban alikuwa mwalimu wa adabu hata alipokuwa akiandika maisha ya mtu, na Siti aliyetuachia ni kioo cha tabia njema, subira, unyenyekevu, juhudi. Mwanafunzi anafunga kitabu akiwa na hamu ya kuwa mtu mwema. Hafungi akiwa na hamu ya kuuliza ni nani kafungwa wiki hii na kwa nini. Nahisi hapo ndipo Siti wa hotuba alipozaliwa, ingawa Shaaban mwenyewe hakukusudia kumtengenezea mtu hotuba.

Taarabu nayo ikashika njia yake. Ilipofika miaka ya 1990 na rusha roho na mipasho, wanawake walirudi mbele ya jukwaa kwa kishindo, na mimi si miongoni mwa wanaoibeza. Kumpasha mtu mbele ya watu mia tano huku wenzako wakikutunza ni sanaa, na ina ukatili wake mtamu. Ila mpasho unampiga jirani kwa fumbo. Anayejua anajua, asiyejua anacheza. Mke mwenza, shoga msaliti, mwanamume mlaghai. Ukumbi unawatambua bila majina. Fumbo ni urithi halali wa taarabu, na Siti pia alilitumia katika mapenzi. Lilipofika suala la maiti na jaji, alitaja.

Kutaja ndiko kulikokuwa kugumu, na bado ni kugumu. Machi 2017 Nay wa Mitego alikamatwa kwa sababu ya wimbo, kisha akaachiwa Rais Magufuli aliposema wimbo upigwe, na watu wakashangilia. Binafsi nilikosa la kushangilia: kama mkubwa mmoja anaweza kuamua wimbo upigwe, anaweza kuamua pia usipigwe. Upande wa bara wasanii wamewahi kutakiwa kupeleka kazi zao BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, kabla ya kuzitoa. Zanzibar, chombo kinachosimamia mambo hayo kinaitwa Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni, na angalau jina lake, lenye neno sensa kwa maana ya uchujaji, halimfichi mtu kitu. Jaribu kuufikiria wimbo wa Kijiti ukiwa mezani kwa kamati. Jina la mtuhumiwa ambaye hajatiwa hatiani: litoke. Tusi: litoke. Jaji kukasirika: kudhalilisha mhimili wa dola, itoke. Pegi ya tende: maadili. Kingebaki kinanda.

Waliomwelewa Siti vizuri zaidi hawakuwa wanamuziki. Mwaka 1987 wanahabari wanawake walianzisha TAMWA, chama chao, na jarida walilolitoa mwaka uliofuata wakaliita Sauti ya Siti. Humo hawakuimba. Waliandika habari za wanawake waliopigwa na waliobakwa, na kwa miaka wakawa miongoni mwa sauti zilizodai mabadiliko hadi ikapatikana Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998. Ukiweka jarida hilo pembeni ya ule wimbo utaona kazi ni ileile: chukua tukio ambalo mtaa unalinong'ona, liseme kwa sauti, na umwulize aliyekalia kiti amefanya nini.

Zanzibar ilianzisha mahakama maalumu ya makosa ya udhalilishaji, yaani ukatili wa kijinsia, mwaka 2021. Ni hatua, na haikuja kwa hisani. Lakini malalamiko yanayosikika kila mara kutoka kwa wapelelezi na waendesha mashtaka ni kwamba mashahidi hawafiki. Kesi zinafutwa kwa kukosa ushahidi, familia zinakaa kitako na kumalizana, na lawama inaangukia muhali: watu wa visiwani, tunaambiwa, wanaoneana haya, hawataki kumfunga mtoto wa mwenzao. Semina zinaendeshwa kuhusu muhali. Vipeperushi vinachapwa.

Muhali upo, sitaki kuukana. Lakini kuna maelezo mengine, ya zamani zaidi, ambayo hayamo kwenye vipeperushi na yamo kwenye santuri. Wanawake wawili walikwenda mahakamani kwa hiari yao kusema walichokiona. Walitukanwa kwa lugha wasiyoijua wakatiwa ndani, na mtaa mzima ukajifunza kwa wimbo, kwa vina, kizazi baada ya kizazi, shahidi hufanywa nini. Wanaotaka mashahidi warudi wangeanza hapo, na si kwa kuwauliza wananchi kwa nini wanaona haya. Wangeanza kwa kueleza shahidi anayefika leo mahakamani Vuga au Mwera anapokewa na nani, anasubiri saa ngapi, nauli yake nani analipa, na akimaliza kusema anarudije kulala nyumba moja mbali na nyumbani kwa mtuhumiwa.